Lachi huchaguliwa kwa mizizi: niliyoyaona kwenye vinamasi vya Minnesota

Ukiingia kwenye kinamasi cha kaskazini mwa Minnesota kutafuta lachi, mti wa sindano wa nchi za baridi, ya kufanyia bonsai, yaani mti unaotunzwa chomboni ubaki mdogo, macho yatakupeleka kwenye shina. Utaona mti unaoishia kiunoni, umepinda, magome yamechanika, umri wake huenda umeuzidi wako, na moyo utaanza kwenda mbio. Hapo ndipo miti mingi hupotelea, na pesa pia. Nimechimba lachi zilizopona na nimechimba zilizokufa. Kilichozitofautisha ni mizizi iliyokuwepo chini siku ile, na kama niliitazama kabla sijaanza kukata. Nimeamua kuandika kwa sababu ndugu kadhaa walioko huku kwenye baridi wananiuliza, na kueleza upya kila mara kwenye simu kunachosha.

Mimi ni mtu wa Mufindi. Nimekulia pembeni ya mashamba ya paina ya Sao Hill, na likizo za shule nilizimaliza kitaluni nikijaza udongo kwenye viriba. Aliyefanya kazi hiyo anajua kwa nini viriba hunyanyuliwa kila baada ya muda: mche ukishazamisha mzizi ardhini, siku ya kuuhamisha unauacha uhai wake palepale. Elimu hiyo nilikuja nayo Saint Paul bila kujua kwamba ingenifaa. Saint Paul ni mji ambao ukiitaja Iringa kwenye kanisa la Kilutheri hukosi kukuta mzee aliyewahi kufika, maana sinodi yao ina ushirikiano wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku, na mchana wangu wa mapumziko nilizoea kuupitishia bustani ya Como. Ndani ya lile jengo la vioo kuna mkusanyiko wa bonsai. Si ajabu: Saint Paul na Nagasaki ni miji dada tangu 1955. Nilikuwa nasimama mbele ya ile miti kwa muda mrefu kuliko watu wengine, mpaka siku moja bibi mmoja aliyekuwa anamwagilia akaniambia kwamba mojawapo ya miti bora kwa kazi ile inaota yenyewe kwenye vinamasi vya jimbo hilihili, saa chache kwa gari.

Mti wenyewe ni tamaraki, lachi ya Marekani Kaskazini, Larix laricina kwa jina la kisayansi. Unaota kuanzia Alaska hadi Newfoundland. Majani yake ni ya sindano, ila ni laini, na hutoka kwa mafungu kwenye vijiti vifupi. Tofauti yake kubwa na paina ni kwamba hupukutisha sindano zote kila mwaka. Tofauti ya pili ni muhimu zaidi kwa mtu wa bonsai: ukikata tawi la paina nyuma ya sindano, kwa kawaida tawi hilo limekwisha, lakini lachi huweza kuchipua hata kwenye tawi la zamani lisilo na sindano. Na baridi inayoistahimili ni ya kiwango ambacho sisi watu wa Mufindi, pamoja na majigambo yetu yote ya Julai, hatuna la kusema.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba tamaraki haikai kinamasini kwa kupenda. Ikipata udongo wenye unyevu unaopitisha maji, hukua haraka zaidi. Tatizo lake ni kivuli, haikivumilii kabisa, na kwenye udongo mzuri miti mingine huipita kimo na kuifunika. Kinamasini washindani ni wachache, basi imebaki huko ikiishi kwa taabu. Taabu hiyo ndiyo inayowavutia watu wa bonsai. Mti unaweza kumaliza miongo kadhaa bila kufika kifuani pako. Theluji inavunja kilele, nungunungu anatafuna magome mpaka nusu ya mti inakauka, tawi la pembeni linachukua nafasi ya kilele, na shina linapata mapindo ambayo hakuna waya utakaoyaiga. Wajapani wanaita mti uliochukuliwa porini yamadori, na hapa Marekani marehemu na wazee wa kazi hii, mtu kama Nick Lenz wa Massachusetts, wamejipatia jina kwa lachi za namna hiyo.

Nilianza kutafuta Oktoba, na huo ndio mwezi ninaomshauri kila mtu. Katikati ya Oktoba miti ya majani mapana kaskazini imeshavuliwa nguo, sprusi, miti ya sindano isiyopukutisha, ni kijani kizito kinachokaribia weusi, na tamaraki peke yake inang'aa dhahabu. Unaziona ukiwa barabarani, ndani ya gari. Kazi yako siku hiyo ni kutazama, kuhifadhi mahali kwenye ramani ya simu na kurudi nyumbani mikono mitupu. Kama hujawahi kuona kinamasi cha aina hii, nenda kwanza Big Bog karibu na Waskish, kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya kinamasi na unaweza kutembea ndani kabisa bila kulowa. Huko hakuchimbwi, ni hifadhi ya jimbo, lakini utajifunza jinsi mti unavyokaa kwenye ardhi ile.

Wakati wa baridi kali kinamasi kinaganda na unaweza kupita mahali ambapo kiangazi ungezama. Watu wengi husifu safari za Februari kwa sababu hiyo. Mimi nina shaka nazo. Lachi iliyo hai na lachi iliyokufa mwezi huo zinafanana, zote hazina jani. Na zilizokufa ni nyingi, kwa sababu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbawakawa wa lachi ameangamiza maeneo makubwa ya tamaraki Minnesota, akisaidiwa na misimu ya joto iliyorefuka. Anapenda zaidi miti mikubwa, lakini usibahatishe. Kwangua gome kidogo kwa ukucha kwenye kijiti. Ukiona kijani kibichi chini yake, mti uko hai. Ukiona kahawia na kijiti kikavunjika kwa mlio, endelea na safari.

Kuna sababu nyingine ya kwenda kutazama kabla, safari hii mwezi Juni. Kwenye vinamasi hivihivi huota ua la jimbo la Minnesota, okidi kubwa ya rangi ya waridi na nyeupe. Tangu 1925 ni kosa kisheria kulichuma au kuling'oa. Linaweza kuchukua hadi miaka 16 kutoa ua la kwanza. Wakati wa kuchimba lachi, yaani majira ya kuchipua, halijachanua bado, unaweza kulikanyaga au kulikata kwa msumeno bila kujua. Aliyepita pale Juni iliyotangulia anajua lilipo.

Sasa ruhusa. Usichimbe hata kijiti kabla hujajua ardhi ni ya nani, na Minnesota kaskazini swali hilo si jepesi. Kuna misitu ya taifa, Chippewa na Superior. Kuna misitu ya jimbo, kuna ardhi ya kaunti, kuna mashamba ya watu na ya makampuni ya mbao. Kuna ardhi za mataifa ya Ojibwe, wenyeji wa asili wa huku, na eneo lao la Leech Lake limeingiliana na msitu wa Chippewa kiasi kwamba ukitazama miti peke yake huwezi kujua umevuka mpaka. Mtaro wa barabarani nao una mwenyewe, hata kama miti yake inaonekana haina mtu. Kwenye misitu ya umma utapiga simu ofisi ya eneo husika na kuuliza kama wanatoa kibali cha kuchukua mti hai, mahali gani na kwa masharti gani. Majibu hutofautiana ofisi kwa ofisi, kwa hiyo jibu alilopewa rafiki yako mwaka jana halikuhusu.

Mimi niliishia kwenye ardhi ya mtu binafsi, kwa mzee mmoja ambaye familia yetu ya kanisani inamfahamu. Ana shamba lenye kinamasi pembeni na alikuwa anapanga kusafisha ukingo wake apanue njia ya trekta. Miti ile ingekatwa kwa vyovyote. Nilimwomba aniandikie ruhusa kwa mkono wake, na namba yake ya simu, na mistari miwili ikieleza nichukue upande gani. Aliona kama ni utaratibu usio na maana. Mimi sikuona hivyo. Mtu mweusi akitembea na beleshi na msumeno kwenye barabara ya shamba, maili nyingi kutoka mjini, anapaswa kuwa na karatasi mfukoni, na kweli jirani mmoja alisimamisha pikapu yake na kuuliza tunafanya nini pale. Nikamsalimia, nikamwonyesha karatasi. Aliisoma yote, akarudisha, akatuambia njia ya upande wa pili ina maji kidogo. Bila ile karatasi sijui mazungumzo yangekwendaje, wala sitaki kujua.

Wakati sahihi wa kuchimba ni pale macho ya mti yanapovimba na kuanza kuonyesha ncha za kijani, kabla sindano hazijafunguka. Kaskazini mwa Minnesota hilo hutokea kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, kutegemea mwaka. Wapo wanaochimba vuli baada ya sindano kuanguka na miti yao inapona, lakini inabidi uwe na mahali pa kuikinga mizizi isigande vibaya, na anayeanza hana. Jambo la kuchekesha ni kwamba Mei juu kuna jua na mbu wameshaanza, ila ukitia mkono chini ya mimea ya kinamasi unakuta barafu. Kinamasi huyeyuka mwisho kabisa. Mahali penye barafu bado, rudi wiki inayofuata, maana ukikata mizizi iliyoganda unaivunja.

Nilikwenda na shemeji yangu. Usiende peke yako, hilo nalisema kwa msisitizo. Sehemu nyingine ardhi yote inatikisika chini ya miguu kwa sababu ni zulia la mimea lililoelea juu ya maji, na shemeji alizama mguu mmoja hadi pajani. Maji yale ni ya baridi ya kukata pumzi. Simu haikuwa na mtandao. Tulikuwa tumemwambia mzee saa ya kutoka, na tulikuwa na gambuti ndefu, suruali zimechomekwa kwenye soksi kwa ajili ya kupe. Kupe wa huku wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Jioni yake kila mtu alijikagua mwili mzima, na nilimkuta mmoja nyuma ya goti.

Kabla ya msumeno hutumika mikono. Vaa glavu nyembamba za hospitali, kwa sababu sfagnamu, ile mimea laini inayofunika kinamasi chote na kufyonza maji kama sponji, inaweza kubeba fangasi anayeingia kwenye ngozi iliyochubuka. Itenganishe kuzunguka shina, upapase taratibu kushuka chini. Hapa kuna jambo ambalo mti hauonyeshi kwa juu. Sfagnamu huongezeka kimo mwaka hadi mwaka na kulifukia shina. Mizizi ya zamani inabaki chini kwenye maji yasiyo na hewa, inadhoofika na kuoza, na mti unatoa mizizi mipya juu zaidi, kwenye shina lenyewe. Ndiyo maana unaweza kuzamisha mkono hadi kiwiko ukakuta shina linaendelea tu kushuka bila kutanuka, na uhai wote wa mti umeshikiliwa na tabaka la juu lisilozidi shubiri moja au mbili.

Unachotafuta ni vimizizi vyembamba, vingi, karibu na shina, ndani ya shubiri mbili kutoka kwenye gome, na viwepo pande zaidi ya moja. Ukivikuta, endelea. Ukikuta mzizi mmoja mnene unaokimbia mita nzima bila kutoa kitu njiani, umepata jibu lako. Rudisha sfagnamu ilivyokuwa, uondoke.

Mti wa kwanza kuupapasa ulikuwa ndio ule niliouweka kwenye simu tangu Oktoba. Ulikuwa na pindo mbili na kilele kikavu cheupe. Chini yake kulikuwa na mizizi miwili mirefu, mitupu, iliyoelekea upande mmoja. Nilikaa pale nikiipapasa tena na tena nikitumaini kwamba vidole vyangu vimekosea. Shemeji, amelowa na amechoka, akasema, "Shem, yaani tumeendesha saa nne kuja kuushikashika mti halafu tuuache?" Tuliuacha. Mti uliofuata nao tuliuacha. Wa tatu ulikuwa wa kawaida sana kwa sura, shina fupi lenye pindo moja dogo, lakini chini yake kulikuwa na mkeka wa vimizizi kila upande. Huo ndio ulioko nyuma ya nyumba yangu mpaka leo. Tulichukua na mwingine mmoja mzuri wenye mizizi ya kutilia shaka, kwa sababu shemeji alinisihi na mimi nilitaka kusihiwa. Huo nitaufikia.

Namna ya kukata ni hii. Piga duara kwa msumeno wa kukunja, shubiri mbili hivi kutoka kwenye shina, moja kwa moja kupita kwenye sfagnamu. Msumeno unapita humo kwa urahisi, na mzizi unausikia kwa mkono kabla hujauona. Ukimaliza duara, ingiza beleshi chini ya mkeka na kuunyanyua kidogokidogo kila upande, ukikata kwa msumeno kinachogoma. Usiushike mti shingoni na kuuvuta. Kuvuta kunavua ngozi ya vimizizi, vinabaki nyuzi, na mti utakufa polepole huku wewe ukidhani umefanya kazi safi. Ukishatoka, acha sfagnamu yote iliyoshikamana na mizizi, funga kwa gunia lililoloa, halafu mfuko mkubwa wa taka, kamba juu. Shimo lijazwe. Tulirudisha sfagnamu yote tuliyoitoa na kuikanyaga ishikane. Ndani ya gari mti ulale, madirisha yafungwe. Upepo wa barabarani ndani ya saa nne unatosha kukausha kile ulichokihangaikia.

Nyumbani kila kitu kiwe kimeandaliwa siku moja kabla. Nilitengeneza masanduku kwa mbao za paleti, yenye matundu mengi chini na wavu wa waya juu ya matundu, ukubwa wa kutosha mkeka wa mizizi na vidole vinne kila upande, si zaidi. Sanduku kubwa mno linahifadhi maji mizizi isikoweza kuyafikia. Udongo niliotumia ni pumisi, yale mawe mepesi ya volkano, ikichanganywa na sfagnamu iliyokatwakatwa. Usilete tope la kinamasi na kulijaza kwenye sanduku eti ndilo mti ulilolizoea. Kinamasini lile tope liko chini ya mizizi hai, wewe ungelizungushia mizizi yenyewe na kuinyima hewa. Usioshe mizizi ikawa mitupu pia. Toa kinachodondoka chenyewe, kiini kiache. Halafu funga mti kwenye sanduku kwa kamba, ukaze mpaka ukilitikisa shina sanduku litikisike nalo. Kimizizi kipya kinachotoka kwenye mti unaoyumba kwa upepo hukatika kabla hakijashika.

Hakuna kupogoa matawi kwa ajili ya umbo mwaka huo. Hakuna mbolea mpaka uone ukuaji mpya wa kweli. Kivuli cha nusu siku kwa wiki chache, kisha jua taratibu. Maji kila siku, na Julai mara mbili. Nilikuwa natoka zamu saa moja asubuhi na kabla ya kuvua viatu nakwenda kumwagilia. Mke wangu alisema nawahudumia wazee usiku na mchana.

Mama alipiga simu wakati huohuo. Nilimwelezea kwa furaha, nikamtumia na picha. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Baba, mti huo unazaa nini?" Nikasema hauzai kitu cha kula. "Mbao?" Nikasema hautakua mkubwa, ndiyo kusudi lake. Akasema, "Sisi tulikutoa kwenye mashamba ya miti, umekwenda kuchimba miti Marekani. Haya, Mungu akutunze."

Miti yote miwili ilichipua sindano. Ile rangi ya sindano changa za lachi siwezi kuieleza vizuri, ni kijani ambacho sikukiona Mufindi. Nilipiga picha, nikawarushia watu, nikapongezwa. Sasa sikiliza: mti uliochimbwa unaweza kufungua macho yake yote kwa akiba iliyomo ndani ya shina, bila mzizi hata mmoja unaofanya kazi. Akiba hiyo inaisha. Ule mti mzuri, wenye mizizi ya kutilia shaka, ulisimama mahali pamoja mwezi Juni. Sindano zake zilibaki fupi, hakuna kijiti kipya kilichorefuka. Julai zikaanza kukauka kuanzia ncha, na ndani ya siku chache mti mzima ukawa kahawia. Nilipoutoa kwenye sanduku hakukuwa na kimizizi cheupe hata kimoja. Ulikuwa umekufa tangu siku tuliyouchimba, mimi nilikuwa nauangalia ukimalizia chakula chake. Niliumia kuliko nilivyotarajia, maana kama tungeuacha pale huenda ungefika miaka mingine hamsini, au trekta la mzee lingeupitia, sijui. Ule wa sura ya kawaida ulikuwa unatoa vijiti virefu kila upande. Hiyo ndiyo dalili ya kuitafuta: vijiti vinavyorefuka mwezi Juni na Julai. Majani peke yake yasikupe furaha.

Vuli sindano zitageuka njano na kuanguka. Hujaua kitu. Usiuingize mti ndani ya nyumba. Najua mtu wa kwetu akiona joto linashuka hadi sentigredi 25 chini ya sifuri anamwonea mti huruma na kuusogeza karibu na kipasha joto. Lachi inahitaji usingizi wa baridi, ikiukosa inadhoofika na kufa. Inachohitaji ni kulindwa mizizi, kwa sababu mizizi iliyo kwenye sanduku juu ya meza hupigwa na baridi kuliko iliyo ardhini. Nililiweka sanduku chini, upande usiopigwa na upepo, nikalizungushia majani makavu na vipande vya magome, theluji ikamalizia kazi. Zungusha na wavu wa waya kwenye shina. Panya na sungura hupita chini ya theluji na kutafuna gome usiku kucha, na unakuja kugundua Machi.

Kuhusu gharama, ruhusa yenyewe haikunigharimu kitu zaidi ya sanduku la chapati na sambusa. Gambuti, msumeno mzuri, mifuko ya pumisi, mbao, misumari, petroli ya kwenda kutazama na kurudi kuchimba, vyote pamoja vilipita dola 400 kabla sijawa na mti mmoja wa kumwonyesha mtu. Kwa anayetaka kujifunza bila gharama hiyo, ofisi za kaunti za uhifadhi wa udongo na maji huuza miche ya miti kila majira ya kuchipua, kwa mafungu na kwa bei ndogo, na tamaraki mara nyingi imo. Nunua fungu, panda kwenye ndoo, jifunze kufunga waya, kupogoa, kumwagilia. Ukiua miche hiyo hujaharibu kinamasi cha mtu. Jiunge na Minnesota Bonsai Society kama uko jirani. Kwenye mkutano wa kwanza nilikuwa peke yangu wa rangi yangu na nilipokelewa vizuri, na mkono wa mtu aliyefanya kazi hii miaka thelathini unakufundisha kwa dakika kumi yale ambayo video haziwezi.

Walioko nyumbani wameniuliza kama nitume mbegu. Msihangaike nazo. Hata Mufindi kwenyewe baridi haikai muda wa kutosha kuilaza lachi, na pwani ndiyo kabisa. Mikuyu ya aina nyingi inafaa zaidi kwa kazi hii na inavumilia makosa ya anayejifunza. Ila ile inayoota kwenye kuta za magofu ya Kilwa au Bagamoyo msiiguse, ukuta unaweza kuondoka nayo, na sheria ya mambo ya kale ipo.

Kwenye umbo sikugusa chochote mpaka mti ulipopita kiangazi cha pili ukiwa na nguvu. Lachi hufungwa waya ikiwa haina majani, mwishoni mwa baridi, wakati kila tawi linaonekana wazi. Matawi yake membamba hujikunja kwa urahisi kuliko ya paina. Waya wa alumini unatosha. Hatari iko mbele, kwa sababu kiangazi tawi la lachi hunenepa haraka na waya unazama kwenye gome ndani ya wiki chache, na ile alama hubaki miaka. Kuanzia Juni nakagua kila tawi kila wiki, hata nikiwa nimechoka na zamu. Waya ukianza kubana, ukate kwa plaizi kipande kwa kipande, kila mzunguko, uviache vidondoke. Usijaribu kuufungua kwa kuuzungusha ili uutumie tena. Waya mpya ni senti chache, na macho ya mwaka ujao yaliyo kwenye vile vijiti vifupi yanang'oka hata kwa kuguswa na mkono wa shati.